PASTA, KUNUNUA NGUO NAYO NI KAZI?

 

Leo sina mahubiri ya kupaza sauti. Nina jambo la kutubu mbele yenu, kisha nina maoni ambayo nimeyaombea siku kadhaa kabla ya kuyaandika. Nakuomba usome hadi mwisho ndipo uandike Amina. Wengine wenu huwa mnaandika Amina kabla hata sijafika kwenye andiko.

Mwaka jana mzee mmoja wa kanisa letu alinijia baada ya ibada ya Jumapili, kofia mkononi. Binti yake alikuwa amemaliza diploma ya biashara. Alikuwa ametuma maombi kila mahali, na hatimaye duka moja kubwa la nguo jijini Nairobi likamwita kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu. Hawakumwita kuuza. Walimwita kukaa na kikosi cha ununuzi, yaani wale watu wanaoamua ni nguo gani zitaingia dukani, ngapi, za rangi gani, na kwa bei gani. Mshahara hakuna. Nauli hakuna. Mwishoni wangempa barua.

Mzee alikuwa ameuza mbuzi wawili. Pesa ile ingetosha mwezi mmoja. Akaniuliza kama mfuko wetu wa kusaidiana ungeweza kumwongezea nauli ya ile miezi miwili iliyobaki.

Nisikize vizuri mpendwa, maana hapa ndipo ninapotubu. Nilimwambia, "Mzee wangu, mfuko ule ni wa wagonjwa na wafiwa. Mtoto amesoma diploma nzima ili aende kuchagulia watu nguo? Kununua nguo nayo ni kazi?"

Wenzangu wa kamati walicheka. Mzee naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeaibishwa mbele za watu. Akavaa kofia yake akaenda zake.

Jioni nikiwa natundika suti yangu nyuma ya mlango, Roho Mtakatifu akanishika. Ile suti niliyohubiria asubuhi niliinunua kwa mama mmoja wa mitumba hapa sokoni Kyuso. Kila mtu huniambia inanikaa kana kwamba fundi alinipima. Na mimi sikuichagua. Mama yule ndiye aliyeichagua, akaiweka kando, akanipigia simu, "Pasta, nimepata yako." Kwa miaka mingi nimesimama madhabahuni nikivaa kazi ya mtu anayejua kununua, kisha nikasimama nje ya kanisa lile lile nikauliza kama kununua ni kazi.

Wiki ile nikamwendea mama huyo. Hapa namwita Mwaitu tu, kama tunavyowaita mama zetu. Nikamwomba anipeleke anakonunulia. Alishangaa, lakini akakubali. Tukapanda gari hadi Nairobi, tukalala kwa jamaa zake, na saa kumi na moja alfajiri tukawa Gikomba.

Wapendwa, mimi nimekwenda chuo cha Biblia miaka mitatu. Asubuhi ile nilikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Belo zimepangwa hadi juu, zimefungwa kwa mikanda, nyingi zina kilo 45 hivi. Zimetoka Uingereza, Kanada, China, zimepita bandari ya Mombasa. Juu yake kuna maandishi: blauzi, suruali za wanaume, nguo za watoto. Ukitaka belo, unalipa kwanza ndipo inakatwa. Ndani hujui kuna nini. Mtu anaweza kulipa akiba yake yote, mkanda ukakatwa, akakuta nguo zenye madoa na zipu zilizokufa. Belo haina kurudishwa.

Mwaitu hakukimbilia. Alitazama alama ya waliofunga. Aliwauliza wanawake waliofungua belo ya alama ile siku iliyopita walipata nini. Alibonyeza kwa kidole. Kisha akahama, akaenda kusimama mahali belo ya mtu mwingine ilikuwa inakatwa, ili achague kipande kwa kipande. Zile nzuri za kwanza wanaziita kamera, na bei yake iko juu. Zinafuata za pili, za tatu, na mwisho kabisa ni fagia, zile za kumalizia, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Mikono ilikuwa mingi. Mkono wa Mwaitu ulikuwa unaenda taratibu kuliko yote, na bado alitoka na nzuri.

Huku anachagua, kichwani anapiga hesabu. Kipande hiki ni kiasi gani, nauli ya mzigo hadi Kyuso, ushuru wa soko, nitauza ngapi, zitabaki ngapi. Na anajua watu wake. Anajua kwamba ndengu zikishavunwa na kuuzwa, akina mama wana pesa na watanunua gauni la kanisani. Anajua miezi ya kiangazi hakuna anayenunua gauni, watu wananunua sweta ya shule na nguo ya mtoto tu. Anajua Julai itakuja na baridi yake, kwa hiyo jaketi ananunua mapema wakati Gikomba hakuna anayezitaka.

Mwaka 2020 serikali ilipopiga marufuku kuingiza mitumba kwa sababu ya korona, kuanzia Machi hadi Agosti, mama huyu alikaa na ule mzigo aliokuwa nao, akauuza kidogo kidogo, akalipa karo. Nilikuwa mchungaji wake wakati huo. Nilimwombea kwa simu. Sikuwahi kumwuliza aliwezaje.

Tukiwa tunakunywa chai nikamwuliza, "Mwaitu, ulijifunza wapi haya yote?"

Akaniambia, "Pasta, nilimbebea mama mwingine mzigo miaka miwili. Hakunilipa. Alinipa chai na nauli. Nilikuwa nikibeba, huku natazama mkono wake. Sikutazama anachukua nini. Nilitazama anaacha nini."

Nikanyamaza. Nimesikia mahubiri ya watu wakubwa wa Mungu, lakini neno lile la Gikomba bado linanifanyia kazi. ALITAZAMA ANAACHA NINI.

Fungua Mathayo 13:45-46. Bwana Yesu anaufananisha ufalme wa mbinguni na mfanyabiashara anayetafuta lulu nzuri. Huyu mtu ni mnunuzi! Tumehubiri sana juu ya lulu, na juu ya kuuza vyote. Lakini jiulize, alijuaje kwamba hii moja ndiyo ya thamani kubwa? Alijua kwa sababu alikuwa ameshika lulu nyingi kabla yake, akaziacha. Mtu ambaye hajazoeza jicho lake angepita hapo akainunua kioo. Yesu hakumcheka mnunuzi. Alimchukua akatufundishia ufalme.

Nenda Mithali 31. Yule mwanamke tunayemsoma kila harusi anatafuta sufu na kitani, analiangalia shamba kwanza ndipo analinunua, na anajua kwamba bidhaa yake ina faida. Nenda Matendo 16, ukutane na Lidia wa Thiatira, muuza nguo za zambarau. Mungu aliufungua moyo wake, na nyumba yake ikawa mahali pa kanisa la Filipi kukutana. Kama pale Filipi tungekuwa na kamati kama yangu, tungemwambia Lidia aache nguo atafute kazi.

Basi nikarudi kwa yule mzee. Nilimpata shambani. Nikamwomba msamaha, na Jumatano nikaomba msamaha mbele ya kamati ile ile iliyocheka. Tuliacha mfuko wa wagonjwa kama ulivyo. Tukachanga upya, kila mmoja alichoweza. Mwaitu alitoa zaidi ya wazee wote, na hakutaka jina lake lisomwe. Binti akaenda Nairobi, akakaa kwa shangazi yake Pipeline.

Alipokuwa huko alikuwa ananipigia kila Jumapili jioni. Nimemwomba ruhusa kuandika haya.

Aliniambia kazi ilianza kila Jumatatu kwa hesabu. Wiki iliyopita nini kimeuzwa, kimeuzwa tawi gani, saizi gani, rangi gani, nini kimelala. Wanunuzi wanaishi miezi kadhaa mbele yetu. Mimi nikiwa nahubiri Pasaka, wao wanabishana juu ya Krismasi. Wana bajeti, na kabla ya kuagiza kipya lazima watoe kwanza thamani ya kile kilicho ghalani na kile kilichokwisha kuagizwa. Sampuli zikija, zinapimwa kwa utepe, zinafuliwa, mshono unavutwa, zipu inafunguliwa na kufungwa mara nyingi. Mzigo ukichelewa wiki mbili, sikukuu imepita, na nguo inabaki hadi ipunguzwe bei.

Na yeye mwanagenzi alifanya nini? Alifunga lebo kwenye sampuli. Alirudisha sampuli kwa wenyewe. Aliingiza tarakimu kwenye Excel hadi macho yakauma. Aliandika kumbukumbu za mkutano. Alichemsha chai. Wiki ya tatu alilia kwenye simu akasema, "Pasta, nilisoma ili nifunge lebo?"

Nikamwambia maneno ya Mwaitu. Nikamkumbusha pia 2 Wafalme 3:11. Watu walipotaka kumtambulisha Elisha, walisema ni yule aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yake ya kazi. Kumimina maji!

Siku moja akiwa anaingiza tarakimu zake akaona kitu. Katika matawi kadhaa, saizi 16 na 18 zilikuwa zinaisha wiki ya kwanza, na saizi 8 zinabaki hadi zinapunguzwa bei. Kila agizo lilirudia mpango ule ule. Binti alikuwa amesaidia kibandani kwa Mwaitu kila likizo akiwa shule ya upili, na alikuwa amewasikia mama zetu wakiuliza mara elfu, "Hakuna kubwa kidogo?" Akamwambia mkubwa wake kwa heshima. Mkubwa akaangalia miezi iliyopita, akakuta ni kweli. Agizo lililofuata likabadilishwa.

Msipige makofi bado. Hakupandishwa cheo. Aliambiwa asante, akaendelea kufunga lebo. Lakini mtoto wa Kyuso alikuwa amewasaidia wanawake wasiomjua wapate nguo inayowatosha, na elimu ile aliitoa kwenye kibanda cha mabati hapa sokoni.

Sasa njoo kwenye usiku ambao ndio sababu hasa ya ujumbe huu.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Saa nne usiku simu ikalia. Binti alikuwa ananong'ona kwa sababu shangazi na watoto walikuwa wamelala chumba hicho hicho. Mtu mmoja aliyekuwa akitaka kuliuzia duka nguo alikuwa amemtafuta kwenye WhatsApp. Alisema anaona jinsi anavyojituma. Alitaka kumtumia shilingi 10,000 kwa M-Pesa, ya shukrani tu. Na angefurahi kama sampuli zake zingepangwa mbele siku ya mkutano, na kama binti angemwambia wenzake wametaja bei gani.

Nikamwuliza, "Una kiasi gani kwenye simu?"

Akasema, "Mia tatu arobaini, Pasta."

Wapendwa, ni rahisi kuhubiri uaminifu kwa mtu aliyeshiba. Mia tatu arobaini, siku kumi na mbili zimebaki, na anatembea kwa miguu jioni ili abaki na nauli ya asubuhi. Nilinyamaza kidogo kwenye simu, nikamkumbuka Gehazi.

2 Wafalme 5. Gehazi naye alikuwa katika mafunzo. Alikuwa anamtumikia Elisha kama Elisha alivyomtumikia Eliya. Naamani amepona ukoma, anaenda zake na mzigo wa zawadi ambazo nabii amezikataa. Gehazi akapiga hesabu, akamkimbilia. Aliomba nini? Talanta ya fedha na mavazi mawili ya kubadilisha. NGUO! Akapewa zaidi ya alichoomba. Akazificha ndani ya nyumba, akarudi kusimama mbele ya bwana wake kana kwamba hakutoka. Unajua alivyomaliza. Zile nguo alizipata, lakini ngozi iliyovaa nguo ikaharibika.

Mimi naamini Gehazi hakupoteza siku ile tu. Naamini alipoteza kesho yake yote. Huko mbele tunamsoma Elisha akitenda mambo makubwa, lakini hatusomi habari za mtu aliyerithi joho kutoka kwake.

Nilimwambia binti mambo mawili. Kwanza, asimjibu mtu yule usiku. Pili, asubuhi aende kwa mkubwa wake na ule ujumbe mkononi kabla hajaketi kwenye kiti. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwezi wa kwanza. Nilimtumia nauli ya siku kumi na mbili. Maombi bila nauli yangekuwa yale ya Yakobo 2, ya kumwambia aliye uchi aende kwa amani akaote moto.

Alimwonyesha mkubwa wake. Mkubwa alisoma, akasema, "Sawa, umefanya vizuri." Basi. Hakuna aliyemshangilia. Yule mtu aliacha kumsalimia kwenye ngazi. Miezi mitatu ikaisha, akapewa barua yake, na nafasi ya kazi haikuwepo. Akarudi Kyuso na begi lake.

Najua mlitaka niwaambie kwamba alipewa gari. Mimi sitawadanganya ili mfurahi. Kuna watu wanahubiri kwamba ukiwa mwaminifu Jumatatu, Ijumaa Mungu atakulipa. Mungu wetu halipi kwa kalenda yetu. Uaminifu unaoangalia saa ni biashara tu, umevaa nguo za kanisani.

Sasa nitoe maoni yangu, na mtu akikataa anijibu kwa upendo hapa chini.

La kwanza ni kwa wazazi na wazee wa kanisa. Tuache kupima kazi kwa jina lake. Sisi hapa tunajua daktari, mwalimu, polisi, na afisa wa kaunti. Mtoto akitaja kazi nyingine tunacheka. Lakini angalia. Mabinti wengi wa Ukambani wanashona nguo Athi River, na nguo zile zinapelekwa Marekani. Kazi yao ipo mradi kuna mnunuzi mahali fulani ameweka sahihi. Kaunti yetu ina kiwanda cha nguo pale Syongila, KICOTEC, kile kilichoshona barakoa 2020. Wanaojua kushona tunao. Bila watu wanaojua soko linataka nini, saizi gani, mwezi gani, na bei gani, cherehani zitanyamaza. Wandia Gichuru alipoanzisha Vivo mwaka 2011 aliwatazama wanawake wa hapa na miili yao, na leo maduka yake yanajulikana. Nani alituambia mtu wa namna hiyo hawezi kutoka Kyuso, Tseikuru au Ngomeni?

La pili ni kwa ninyi mnaojifunza kazi hii ya ununuzi, au mnaomwombea mtoto anayejifunza. Hii ni kazi yenye hatari kiroho, na sisemi habari za rushwa tu. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayelalamika kwamba kitu hiki ni kibaya, kisha akiondoka anajisifu. Sisi watu wa ndengu tunamfahamu mnunuzi huyo kwa sura. Anakuja na lori, anashika ndengu kiganjani, anasema zina vumbi, zina wadudu, mwaka huu soko ni baya. Anapima kwa mzani wake mwenyewe. Mama mwenye mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo anakubali bei yoyote. Lori likifika Nairobi, ndengu zile zile zimekuwa nzuri.

Umeonja uchungu wa kuwa upande ule wa mzani. Basi siku utakapoketi upande mwingine, ukiwa na kalamu na bajeti ya duka, umkumbuke mama yako. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka nchini Bangladesh, jengo la Rana Plaza lilianguka likaua watu zaidi ya 1,100. Walikuwa wanashona nguo za maduka ya Ulaya na Amerika. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na bado watu wakaambiwa warudi kwenye mashine. Walioagiza nguo zile hawakuwa pale. Walikuwa mbali ofisini, na kalamu zao ziliandika bei ya chini na tarehe ya karibu. Ndiyo maana Mambo ya Walawi 19 inaagiza mizani ya haki. Mungu anaitazama hati ya kuagiza bidhaa kama anavyoitazama sadaka.

Kubishana bei si dhambi. Mwaitu hubishana bei hadi mimi naona aibu! Dhambi ni kusema kibaya juu ya kitu unachojua ni kizuri, na kumkamua mtu kwa sababu unajua hana pa kwenda.

La tatu ni kwa ndugu zangu waajiri, na najua mko hapa, mnasoma mkiwa Nairobi, Mombasa, hata Doha. Nimewasikia mkisema mwanagenzi anapata ujuzi, hivyo ashukuru. Ni kweli anapata ujuzi. Lakini yule mama wa Gikomba, ambaye hakuwa na ofisi wala lifti, alimpa Mwaitu chai na nauli. Wewe uliyeokoka, unashindwaje? Sheria ya Kenya tayari inamtoza mwajiri shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, kupitia NITA. Usilipe ile ya sheria ukasahau ile ya dhamiri. Mafunzo yasiyo na nauli yanachagua watoto wa wenye nacho, na yanamwacha mtoto wa mzee aliyeuza mbuzi. Na ukimweka mtoto mwenye njaa karibu na pesa za watu, usishangae mjaribu akija na 10,000. Wewe ndiwe uliyemwachia mlango wazi.

La nne ni kwa kanisa letu. Kamati imekubaliana kwamba mafunzo ya kazi yatakuwa na mfuko wake, tofauti na ule wa wagonjwa na wafiwa. Ni mdogo. Tutaanza na nauli na chakula cha mchana. Mwenye chumba Nairobi ambacho kijana anaweza kulala miezi mitatu, aniambie kwa faragha. Na kila anayesaidiwa atakuwa na mtu mzima mmoja wa kumpigia simu saa nne usiku. Nimejifunza kwamba simu ile ina thamani kuliko semina.

Mtaniuliza, binti yuko wapi sasa? Yuko hapa. Bado anatuma maombi. Siku za soko yuko na Mwaitu kibandani. Wamenunua daftari, na kwa mara ya kwanza Mwaitu anaandika kila nguo inayotoka na saizi yake. Juzi nilipita, nikamkuta Mwaitu anamwonyesha binti kola ya shati, na binti anamwonyesha Mwaitu jumla ya mwezi. Sikujua nani mwalimu na nani mwanafunzi. Yule mzee baba yake alikuwa amekaa pembeni, kofia kichwani.

Mpendwa, labda wewe leo unafunga lebo. Mahali fulani unachemsha chai ya watu waliofika, na kijijini wanauliza kama hiyo nayo ni kazi. Usione haya. Mimina maji. Tazama mkono wa anayejua. Tazama sana anaacha nini, maana hekima nyingi ziko katika kile ambacho mtu mwenye akili amekikataa. Na pesa isiyo yako ikikujia usiku ukiwa na mia tatu arobaini, piga simu kwa mtu kabla hujajibu.

Na wewe uliyemcheka mtu wa namna hiyo, kama mimi, mtafute leo umwombe msamaha. Mimi ilinigharimu dakika kumi shambani na vumbi kwenye viatu.

TUOMBE: Baba, asante kwa mikono inayochagua, inayopima na inayoshona. Wakumbuke watoto wetu walio katika mafunzo, wasiolipwa na wasioonekana. Walinde na zawadi za usiku. Wape mabwana wenye huruma, na utupe sisi kanisa mkono ulio wazi. Walio na kalamu ya kununua, wape mzani wa haki. Na ututoe katika dharau, sisi tunaovaa kazi ya watu tunaowadharau. Katika jina la Yesu.

Sasa unaweza kuandika AMINA. Kisha mtumie mzazi mmoja ujumbe huu.

Mchungaji wenu, Kyuso.